Uzi: Juliet anakua kwa siku mbili tu. Leo tumzungumzie binti mwenyewe

#1 Mlangobahari (mtoa mada)

Wanajukwaa, habari zenu.

Kila Romeo na Juliet inapotajwa, mazungumzo huishia kwenye mapenzi: nani alimpenda nani, sumu, kaburi, basi. Leo naomba tumtoe Juliet pembeni tumtazame peke yake. Nimeisoma tamthiliya hii mara nyingi, na kadiri ninavyoirudia ndivyo Romeo anavyozidi kuwa mdogo machoni pangu na Juliet anavyozidi kuwa mkubwa. Hoja yangu ni hii: Romeo ndiye anayemwamsha, lakini siye anayemkuza. Kinachomkuza ni watu wazima wa nyumbani kwao kumwacha mkono mmoja baada ya mwingine, hadi anabaki na akili yake tu.

Tuanze na umri. Shakespeare aliiandika tamthiliya hii mnamo 1595, ikachapwa mara ya kwanza 1597, kisha likaja toleo refu na bora zaidi 1599. Hadithi hakuibuni yeye. Aliichukua hasa kwenye utenzi wa Arthur Brooke wa 1562, ambamo Juliet anakaribia miaka 16. Shakespeare akampunguza hadi 13, zimebaki wiki mbili na siku kadhaa atimize 14. Na mambo ambayo kwa Brooke yanachukua miezi, yeye akayabana ndani ya wiki moja isiyotimia.

Hesabuni wenyewe. Ugomvi wa kwanza kati ya nyumba ya akina Juliet na ya akina Romeo unatokea Jumapili asubuhi. Juliet tunamwona kwa mara ya kwanza Jumapili hiyo hiyo jioni, kabla ya karamu. Jumanne usiku anakunywa dawa ya Padri Laurence, dawa ya kumlaza saa 42 kama maiti. Akizinduka kaburini, usiku wa kuamkia Ijumaa, anaishi dakika chache. Kwa hiyo muda wote wa kukua kwake, akiwa macho, ni siku mbili.

Wapo wanaosema enzi zile mabinti wote waliolewa wadogo namna hiyo. Sivyo. Sheria ya kanisa iliruhusu msichana aolewe kuanzia miaka 12, lakini wanawake wengi wa Uingereza waliolewa wakiwa wameshapita 20, tena wengi katikati ya miaka ya ishirini. Anne Hathaway, mke wa Shakespeare, alikuwa na miaka 26 walipooana mwaka 1582. Binti yao wa kwanza, Susanna, alibatizwa Mei 1583. Baba anaandika habari za Juliet, na mtoto wake mwenyewe ana kama miaka 12. Siwezi kuingia moyoni mwake, ila naamini watazamaji wa London waliposikia huo umri, walishtuka kama tunavyoshtuka sisi.

Sasa nendeni sehemu ya kwanza, onyesho la tatu. Mama anataka kuzungumza na binti yake habari za kuolewa. Anamwambia Yaya atoke, halafu papo hapo anamwita arudi. Mama mzazi hawezi kukaa na mtoto wake peke yake kwa mazungumzo ya dakika tano. Yaya anaporudi anaanza kusimulia siku aliyomwachisha Juliet ziwa. Ilikuwa siku ya tetemeko la ardhi, miaka 11 iliyopita. Wazazi walikuwa safarini Mantua. Yaya alikaa juani chini ya ukuta wa banda la njiwa, akajipaka dawa chungu kwenye chuchu, mtoto akaonja, akakasirika na ziwa. Hapo ukuta ukaanza kutikisika. Katikati ya masimulizi hayo Yaya anapenyeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: alikuwa na binti yake mwenyewe, Susan, umri mmoja na Juliet. Amefariki. Maziwa aliyonyonya Juliet yalikuwa ya Susan.

Siku moja kabla ya hapo Juliet alianguka akaumia paji la uso. Mume wa Yaya akamnyanyua na kumtania kwamba akipata akili ataanguka chali. Mtoto akaacha kulia, akajibu ndiyo. Yaya anacheka sana kila akikumbuka. Mimi hapo namwona mtoto aliyefundishwa kuitikia ndiyo kwa jambo asilolijua, na hivyo ndivyo tunavyomkuta akiwa na miaka 13. Ameitwa, amekuja, ameuliza mama anataka nini. Anaulizwa habari za ndoa, anajibu kwamba hiyo ni heshima ambayo hajawahi hata kuiota. Anaambiwa amwangalie Paris, bwana anayemposa, kwenye karamu, anajibu atamwangalia, na jicho lake halitakwenda mbali kuliko ruhusa ya mama.

Shikeni jibu hilo. Nitaendelea, ila karibuni kwanza.

#2 Sauti ya Uluguru

Mkuu, uzi mzuri, lakini mimi sioni kukua hapo. Naona mtoto aliyekutana na kijana Jumapili usiku, Jumatatu mchana kaolewa kwa siri, wazazi hawajui. Ameahidi jicho lake halitavuka ruhusa ya mama, na usiku ule ule amevuka. Huko ni kukua au ni utoto wenyewe? Kama binti yangu angefanya hivyo nisingemwita mtu mzima.

#3 Mlangobahari

Mkuu Sauti ya Uluguru, swali lako ni la haki na mzazi yeyote angeliuliza. Naomba turudi kwenye lile onyesho la dirishani tusikilize nani anasema nini. (Nimesema dirishani kwa sababu kwenye maandishi ya Shakespeare hakuna roshani. Ile roshani ya Verona inayopigwa picha na watalii ilipachikwa kwenye nyumba hiyo karne ya 20.)

Romeo anataka kuapa kwa mwezi. Juliet anamkatiza: usiape kwa mwezi, mwezi unabadilika kila siku. Kisha anasema jambo ambalo wewe unamlaumu kwa kutolijua: kwamba makubaliano ya usiku huu hayamfurahishi, ni ya haraka mno, ya ghafla mno, hayakufikiriwa. Anajua. Hakuna mwingine katika tamthiliya nzima aliyekuwa amelisema hilo hadi wakati huo. Na ndiye anayelitoa suala la ndoa. Anamwambia Romeo kama nia yako ni ya heshima na unataka tuoane, kesho nitamtuma mtu, mwambie ni wapi na saa ngapi. Romeo anazungumza nyota na malaika, Juliet anazungumza ratiba. Ndiyo, wote wawili wanaparamia. Lakini mmoja anaparamia huku macho yamefumbuka.

Kuhusu ahadi kwa mama, ndiyo, anaivunja, na wala simtetei. Nasema tu kwamba mtoto aliyezoea kuitikia ndiyo ameanza kuwa na neno lake.

Mtihani mkubwa unakuja Jumatatu alasiri. Juliet anasubiri usiku wa arusi. Yaya anaingia akilia kwamba amekufa, amekufa, bila kutaja jina. Juliet anadhani ni Romeo. Baadaye ndipo inajulikana kwamba aliyekufa ni Tybalt, binamu yake, na aliyemuua ni mume wake wa saa tatu. Kwanza anamlaani Romeo kwa maneno yanayogongana, dhalimu mzuri, shetani mwenye sura ya malaika. Yaya anadakia, aibu na imshukie Romeo. Hapo Juliet anageuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Anamkemea Yaya. Halafu, jambo la ajabu, anaanza kuhoji kama hakimu: kwa nini ulimuua binamu yangu? Kwa sababu binamu yangu angekuua wewe. Mume yu hai, na aliyetaka kumuua amekufa. Basi kwa nini nalia? Anaendelea kuchimba ndani ya kumbukumbu yake hadi analifikia neno lililomchoma kuliko kifo cha Tybalt: Romeo amefukuzwa mjini.

Onyesho linalofuata, saa hiyo hiyo, habari hiyo hiyo, Romeo yuko kwa Padri Laurence. Amejitupa sakafuni analia, anachomoa kisu ajichome. Padri anamkaripia aamke. Shakespeare ameyaweka maonyesho haya mawili ubavu kwa ubavu, na sidhani ni bahati mbaya. Wote wamelia. Ni mmoja tu aliyefikiri.

#4 mama_wawili

Naomba nichangie upande wa mama. Mimi ni mama wa mabinti, na huyu mama yake Juliet ananisumbua roho kila ninapomsoma.

Mtoa mada umesema anamwita Yaya arudi. Kuna zaidi. Yeye na Yaya wanaulizana umri wa mtoto. Mama anajua tu kwamba hajafika 14. Yaya ndiye anayejua hadi usiku wenyewe, mkesha wa Lammas, yaani usiku wa Julai 31. Sasa mwanamke gani hajui siku aliyojifungua? Halafu anamwambia Juliet kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshakuwa mama katika umri kama huo. Maana yake ni kwamba alizaa angali mtoto, mwanawe akapewa mtu mwingine amnyonyeshe, naye akakua bila kujifunza kuwa mama wa mtu. Mimi simchukii. Naona hakuna aliyemsubiri yeye akue.

Ndiyo maana siku ya Jumanne, binti anapomlilia asimtupe, asogeze hiyo ndoa walau mwezi mmoja, walau wiki moja, anamjibu asiseme naye, atakalo na afanye, yeye amemaliza naye. Amejibu hivyo kwa sababu mbele ya mume wake hakuwahi kuwa na la kujibu.

#5 Mlangobahari

Dada mama_wawili, asante sana. Hilo la mama ambaye hakusubiriwa akue sikuwahi kuliweka hivyo, na linaeleza mengi. Naomba niendelee hapo hapo Jumanne, maana sehemu ya tatu, onyesho la tano, ndiyo kiini cha uzi huu.

Kunapambazuka. Ndege ameimba. Juliet anasema ni yule wa usiku anayeimba juu ya mkomamanga, usiende. Romeo anasema ni kipanga... samahanini, kidole kimeteleza, ni yule ndege wa alfajiri. Kisha Romeo anakubali, sawa, nibaki, nife. Mara hiyo Juliet anabadilika: ni wa alfajiri, ondoka, nenda. Hiyo ni mara ya mwisho anamwona akiwa hai.

Romeo ameshuka tu, mama anaingia. Anamkuta mtoto analia, anadhani ni kwa ajili ya Tybalt. Anamwahidi kumtuma mtu Mantua ampe Romeo sumu. Juliet anajibu kila sentensi kwa namna ambayo mama anasikia chuki na sisi tunasikia mapenzi, na hakuna hata moja ambayo ni uongo mtupu. Jumapili jioni mtoto huyu alikuwa anaitikia tu. Jumanne asubuhi anazungumza lugha mbili ndani ya kauli moja, mbele ya mama yake, machozi hayajakauka.

Kisha anaambiwa: Alhamisi, kanisa la Mtakatifu Petro, utaolewa na Paris. Anakataa. Waziwazi, kwa mama kwanza, kisha kwa baba akiwa amepiga magoti. Huyu baba ndiye aliyemwambia Paris siku mbili kabla kwamba nia yake ni sehemu tu, kubwa ni ridhaa ya binti, na asubiri miaka miwili zaidi. Sasa anamwita mzoga, anasema vidole vinamwasha apige, anamwambia asipokwenda kanisani kwa miguu ataburutwa, na akikataa kabisa akaombe, afe njaa, afie barabarani. Ridhaa ile ilikuwa na thamani mradi iwe ndiyo.

Baba ametoka. Mama ametoka. Amebaki Yaya.

Na tumtendee haki Yaya: ni yeye pekee aliyemwambia bwana mwenye nyumba usoni kwamba anakosea kumkaripia binti hivyo. Kwa hiyo Juliet anapomgeukia anaomba neno moja tu la faraja, ana sababu ya kutegemea. Yaya anajibu: Romeo amefukuzwa, hawezi kurudi kukudai ila kwa kificho. Naona bora uolewe na Paris. Ni bwana mzuri. Romeo ni kitambaa cha kufutia vyombo ukimlinganisha naye.

Yaya ndiye aliyepeleka ujumbe, ndiye aliyeleta ngazi ya kamba, anajua kwamba ndoa imefungwa na imekamilika. Anachomshauri ni kuolewa mara mbili.

Juliet anauliza: unasema hayo kutoka moyoni? Yaya anajibu: na kutoka rohoni pia, kama sivyo basi vyote viwili vilaaniwe. Juliet anasema: Amina.

Isomeni taratibu. Neno la mwisho alilotamka Yaya ni laana juu ya moyo wake na roho yake mwenyewe, na Juliet amelitilia Amina. Yaya hajaelewa, anauliza nini? Juliet anamjibu kwa upole kwamba amemfariji sana, akamwambie mama kwamba amekwenda kutubu kwa Padri Laurence. Mlango ukifungwa ndipo tunasikia ukweli: tangu leo wewe na moyo wangu ni mbalimbali. Na mstari wa mwisho anasema kwamba kila njia ikishindikana, uwezo wa kufa anao.

Kwangu mimi hapo ndipo Juliet anaachishwa ziwa mara ya pili. Mara ya kwanza Yaya alitia uchungu kwa makusudi ili mtoto aache. Safari hii uchungu umetoka bila Yaya kujua, na anayeacha ni Juliet mwenyewe. Ile hadithi ndefu ya Jumapili, ambayo wanafunzi huiruka kwa kuona ni porojo za mwanamke mzee, iliwekwa pale kwa ajili ya dakika hii.

#6 Kalamu ya Pwani

Mwalimu wa fasihi hapa. Nakuunga mkono kuhusu Yaya, na niongeze kwamba kwetu huku Pwani mtu mwenye nafasi kama yake ni somo, yule anayemfunda mwari na kumsindikiza hadi chumbani. Binti wa Pwani anaposoma ushauri ule wa Yaya, anaelewa bila kuelezwa ukubwa wa usaliti. Mama anaweza kukugombeza, baba anaweza kukufukuza. Somo wako ndiye mwenye siri yako.

Ila naona umemsahau Padri Laurence. Huyu ni mtu mzima wa nne. Aliwafungisha ndoa akitumaini ugomvi wa nyumba mbili utakwisha. Nia njema, lakini alimtumia binti wa watu kama daraja. Mambo yalipoharibika, badala ya kwenda kwa baba akasema mimi nimeshawaozesha, anampa mtoto chupa alale na maiti. Kusema ukweli kungemgharimu yeye. Mpango wa chupa unamgharimu Juliet.

Jambo lingine la kihistoria ambalo huwaambia wanafunzi: mwigizaji wa kwanza wa Juliet alikuwa mvulana. Majukwaa ya biashara ya Uingereza hayakuwa na waigizaji wa kike hadi mwaka 1660. Shakespeare aliwapa wavulana wale maneno mazito kiasi hiki kwa sababu aliwaamini kwamba watayabeba.

#7 Mlangobahari

Mwalimu, hapo kwa Padri umenisaidia, maana ndiko nilikokuwa naelekea. Na angalia: Juliet mwenyewe amefikiri hivyo hivyo.

Jumanne usiku, sehemu ya nne, onyesho la tatu. Mchana amerudi kutoka kwa Padri, amepiga magoti kwa baba, ameomba radhi, amesema atamtii. Uongo umekaa vizuri kiasi kwamba baba kwa furaha amesogeza arusi hadi kesho yake, Jumatano. Kwa hiyo hata muda aliopangiwa umepungua kwa siku nzima. Sasa anawaaga mama na Yaya walale. Wakitoka tu anaogopa, anataka kuwaita wamtulize. Anaita, Yaya! Kisha anajizuia: aje afanye nini hapa? Anasema onyesho hili la huzuni lazima alicheze peke yake.

Kama kuna sekunde moja ambayo ningemwonyesha mtu anayeniuliza Juliet amekua wapi, ni hiyo, kati ya kuita na kujizuia. Mazoea ya miaka 13 yamefika mdomoni, na akili ya siku mbili imeyarudisha.

Halafu anahesabu hatari zake moja moja. Dawa isipofanya kazi? Anaweka kisu kando. Je, ikiwa ni sumu, Padri ameamua kuniua ili isijulikane kwamba aliniozesha kwanza? Hapo ndipo nasema amewaza kama wewe mwalimu. Amempima hata mtu pekee aliyebaki upande wake, akakubali kwamba anaweza kuwa msaliti, kisha akaamua kumwamini kwa sababu daima amekuwa mtu mwema. Nikizinduka kabla Romeo hajafika? Nikikosa hewa? Nikichanganyikiwa kati ya mifupa ya mababu, na Tybalt mbichi ndani ya sanda yake? Woga unapanda hadi anamwona Tybalt kama mzimu akimtafuta Romeo. Ndipo anakunywa. Amekunywa akiwa na woga wote, hakuna aliyemwondolea hata mmoja.

Na Padri anatimiza lile ulilolisema, mwalimu. Barua haikumfikia Romeo kwa sababu mjumbe, Padri John, alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Padri Laurence anafika kaburini, Romeo ameshakufa, Paris pia. Juliet anazinduka. Padri anasikia walinzi, anamwambia twende, nitakuweka kwa watawa. Kisha anakimbia. Mtu mzima wa mwisho ameondoka mbio, amemwacha binti wa miaka 13 na maiti.

#8 Sauti ya Uluguru

Nimesoma yote. Nakubali kwamba anafikiri kuliko nilivyodhani. Bado moyo wangu unagoma mahali pamoja. Kama kweli amekuwa mtu mzima, kwa nini hakuondoka na Padri? Utawani angeishi. Mtu mzima huchagua kuishi.

#9 Mlangobahari

Mkuu, hapo sitakubishia kwa nguvu. Nami ningetaka aishi, na sioni uzuri wowote katika kifo chake. Ninachokiona ni kwamba lile pendekezo la utawani linafanana sana na yote aliyokwishafanyiwa: mtu mwingine ameamua atawekwa wapi. Baba alimweka kwa Paris, Yaya akamweka kwa Paris, Padri anamweka kwa watawa, tena amesimama mguu mmoja nje. Hakuna aliyemuuliza. Kama Padri angekaa chini, akamshika mkono, akamwacha alie hadi walinzi wafike, pengine mtoto yule angetoka pale akiwa hai. Alihitaji mtu mzima mmoja wa kubaki naye.

Kwa hiyo simwiti amekomaa kwa sababu alikufa. Alikomaa Jumanne. Alhamisi usiku alikufa kwa kukosa mtu.

#10 mama_wawili

Hapo nimelia.

Naomba nitaje moja ambalo litatuhusu sisi huku Tanzania. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13 na cha 17, iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka Mahakama Kuu, akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo 2019. Kwa hiyo tukisoma Juliet tusiseme ni mambo ya Wazungu wa zamani.

#11 Mlangobahari

Ni kweli dada. Na kwenye tamthiliya neno hilo limeshasemwa, tena na baba mwenyewe kabla hasira hazijampanda. Paris anamwambia Capulet, ndiye baba huyo, kwamba wapo wadogo kuliko Juliet ambao ni mama wenye furaha. Capulet anajibu kwamba wanaofanywa mama mapema hivyo huharibika mapema. Sijui kama alikuwa akimfikiria mke wake. Alilijua Jumapili, akalisahau kufikia Jumanne.

Niongeze kwamba umri huu uliwahi kuwasumbua hata Waingereza wenyewe. Mwigizaji David Garrick alipoipanga upya tamthiliya kwa jukwaa lake mwaka 1748 alimwongezea Juliet umri hadi 18, na akamfanya azinduke kaburini kabla Romeo hajakata roho ili waagane. Watazamaji waliipenda kwa miaka mingi. Mimi naona kilichopotea ni kikubwa. Juliet wa miaka 18 akimkataa baba ni binti mkaidi. Wa miaka 13 anapofanya hivyo tunauliza amejifunzia wapi, na jibu linatubidi tulitafute ndani ya nyumba yao.

#12 nuru_ya_kidato

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, shuleni tunaandaa maonyesho ya Romeo na Juliet na nimepewa nafasi ya Juliet. Mwongozaji wetu anasema tukate hadithi ya Yaya na ile hotuba ya kabla ya kunywa dawa kwa sababu ni ndefu. Pia sijui ile Amina niiseme kwa hasira au kwa huzuni. Naombeni ushauri.

#13 Mlangobahari

Marahaba mwanangu, na hongera.

Amina usiiseme kwa hasira. Ukikasirika Yaya atajua, na maneno yanayofuata yanadai asijue. Iseme kama unavyoitikia dua nyumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa, na umwangalie usoni kwa muda kidogo kuliko kawaida. Hasira yako iweke hadi mlango ufungwe.

Kuhusu kukata, ongea na mwongozaji kwa heshima. Kama muda ni mfupi kweli, hadithi ya Yaya ipunguzeni lakini bakizeni vitu vitatu: tetemeko, dawa chungu kwenye chuchu, na jina la Susan. Utani wa mume wa Yaya unaweza kutoka. Kwenye ile hotuba, maneno ya mizimu na mifupa yapunguzeni mkitaka, ila pale anapomwita Yaya kisha akajizuia, na pale anapojiuliza kama Padri amempa sumu, msiguse. Na unapomwita Yaya, ita kweli, kwa sauti ya mtoto anayemtaka mtu aje, hadi wale walioko nyuma ya pazia wadhani umewaita wao.

#14 Kalamu ya Pwani

Nuru, niongeze moja. Mfanye mazoezi ya onyesho la tatu la sehemu ya kwanza na la tano la sehemu ya tatu siku moja, mfululizo, wewe na mwenzako anayecheza Yaya. Mkae mahali pale pale jukwaani mara zote mbili. Mwambie mwongozaji mwalimu mmoja wa Pwani ameomba.